Kimotho na Vipindi Arobaini na Kimoja

Kimotho ameishi kwa ploti yangu hapa Bulapesa miaka kumi na saba, na miaka hiyo yote sijamwona amevaa sandali. Ni viatu vya kufunga kamba, na soksi ndani, hata jua likiwa la kuchemsha maji kwa jerikeni. Nikimuuliza anasema, "Mama Huka, mguu ya fundi haikai wazi." Alikuwa fundi wa minara. Serikali ilimleta Isiolo akiwa kijana kutoka upande wa Karatina, apande ile minara ya kurusha televisheni na kuiangalia isianguke. Alipostaafu watu wake walimngoja nyumbani na mbuzi wa kuchinja. Hakwenda. Alisema kwao kuna baridi na mifupa yake imezoea huku. Mke wake yuko huko kwa shamba mpaka leo, wanasalimiana kwa simu, na msichana wao Kate ana kazi Thika. Hakuna ugomvi. Walichoka safari tu.

Naandika habari zake kwa sababu kuna maneno yanasemwa juu yake mtaani, na anayejua ni mimi. Sikusoma shule. Herufi nilizipata kwa ngumbaru nikiwa na wajukuu tayari, na mwalimu akasema mkono wangu ni mzito kama wa mwanamke anayekamua ngamia. Nilimwambia kwetu ngamia wanakamuliwa na wanaume, ajue hiyo kwanza ndio anifundishe a-e-i-o-u. Kwa hivyo anayesoma avumilie. Nikichoka naweka kalamu chini, narudi kesho.

Chumba cha Kimotho ni cha mwisho, karibu na tangi la maji. Kuna kitanda kimoja, jiko la gesi, Biblia, televisheni na kabati. Ndani ya kabati kuna kompyuta isiyozimwa. Haina kioo cha kutazama, ni boksi jeusi tu linalonguruma polepole kama paka, na kando yake boksi lingine dogo lenye diski mbili. Waya ya antena inatoka dirishani na kupanda kwa mabati. Chochote kinachoonyeshwa kwa televisheni, Kimotho akitaka, hiyo kompyuta inakinasa na kukiweka. Kuna watu wa hapa wana jamaa zao huko ndani, waliotokea kwa habari mara moja wakiwa nyuma ya mkubwa fulani. Kuna mashindano ya Kurani ya watoto wa madrasa. Kuna mafuriko ya Ewaso Nyiro. Mtu akitaka anakuja, anasalimia, anapewa.

Vumbi la hapa unalijua kama umelala Isiolo hata siku moja. Linaingia kwa sukari, linaingia kwa sanduku lililofungwa kufuli. Mahali kompyuta inapovuta hewa, Kimotho ameivalisha soksi ndefu ya wanawake, ile nyembamba ya kuvaliwa ofisini, hewa ipite na vumbi libaki nje. Alizinunua mwenyewe kwa mitumba. Rahab, mwenye duka la mbele, alimkuta akizichagua, akizinyoosha moja moja kwa mwanga.

"Kimotho," Rahab akamwambia mbele ya watu, "huyo mama ni nani ako na miguu mirefu hivyo?"

"Ni wa chuma," Kimotho akajibu. "Na halalamiki kama wewe."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alilipa akaenda na soksi zake.

Hofu yake ilitoka mbali. Zamani alinasa kwa kaseti za video, akajaza sanduku zima, akaliweka chini ya kitanda. Mchwa walipanda kutoka sakafuni wakaingia. Alipofungua alikuta udongo. Halafu akaja na zile CD, akazipanga kwa rafu, na joto la mabati likazibandua ngozi kama mtu aliyeungua. Mara ya tatu ndio akaunda hii ya kabati, na akasema hii hataiacha hata kwa siku moja bila kuitazama.

Sasa mume wangu. Ibrae alikuwa mtu wa ng'ombe na mtu wa maneno, na ng'ombe walipoisha yalibaki maneno. Ilikuweko steshoni ndogo ya televisheni hapa mjini iliyokuwa inaongea Kiborana jioni. Kila Alhamisi walimketisha mzee kwa kiti chenye matakia, akasimulia: kisima kipi kilichimbwa na nani, mwaka wa njaa gani uliitwa jina gani, alama ipi ya masikio ya ng'ombe ni ya ukoo upi, nani alimpa nani maji wakati wa shida. Hakuwa na karatasi. Alifanya vipindi arobaini na kimoja, halafu kifua kikamshinda.

Kimotho hajui Kiborana. Miaka yote hiyo anajua kusalimia, kukataa maziwa, na kutukana punda. Lakini alinasa vipindi vyote, kuanzia cha kwanza. Siku moja mzee alimuuliza, nikiwa hapo namwaga chai.

"Wewe unanasa nini, na husikii hata neno?"

"Mzee, mimi nilipanda mlingoti ndio watu waone. Hakuna mtu aliniambia nielewe."

Ibrae alicheka mpaka akakohoa. "Silimu basi," akamwambia, "angalau uvae sandali."

Huu ni mwaka wa tatu tangu Mungu amchukue. Mwaka uliofuata steshoni ikafungwa, wakauza mitambo, wakauza mpaka matakia. Kimotho alikwenda kuuliza kama wana vile vipindi. Wakamwambia mashine zilifutwa kabla ya kuuzwa. Alirudi akaniambia mlangoni, kofia mkononi, "Mama Huka, basi ni hivi viko kwangu tu. Hakuna kwingine." Na ilikuwa kweli. Sauti ya mzee wangu duniani ilibaki ndani ya kabati moja, kwa chumba cha mpangaji.

Alhamisi nilikuwa nakwenda. Ananiwekea kipindi kwa televisheni yake, anaacha mlango wazi, anatoka kuketi juu ya ndoo karibu na tangi mpaka nimalize. Hajawahi kuingia nikiwa ndani. Watu wasiseme.

Nilimuuliza mara moja kwa nini anachoma stima usiku na mchana kulinda kitu kisichokimbia.

"Inaoza," akasema.

"Inaoza kama nyama?"

"Kama nyama, lakini bila harufu. Hiyo ndio shida yake. Unaweza kukaa nayo mwaka mzima imeoza na hujui."

Akanieleza. Kila faili, kompyuta inaisoma kutoka mwanzo mpaka mwisho na kuipa jina refu la herufi na namba zilizochanganyika. Kitone kimoja kikibadilika ndani ya faili, jina lote linageuka. Majina hayo ameyaandika kwa karatasi ukutani. Kila Jumapili akitoka kanisani anaiambia kompyuta isome zote tena, anazilinganisha na karatasi. Faili ikiwa imegeuka kwa diski moja, anachukua iliyo safi kwa ile nyingine.

Niliona alitarajia nisielewe. Nikamwambia, "Hiyo ni kazi ya boma. Ng'ombe wakiingia jioni hatuhesabu tu. Ukihesabu tu, mtu anakubadilishia ndama na hesabu inabaki ile ile. Unamtazama kila mmoja usoni."

"Mama Huka," akasema, "nilifanya kazi na vijana wa diploma miaka thelathini, hakuna hata mmoja alinijibu hivyo."

Nilijisikia vizuri, sitadanganya. Pengine hapo ndipo nilianza kujiona mtu wa kompyuta.

Mwezi wa nne ndugu yake alikufa, akaenda Karatina wiki nzima. Akaniachia ufunguo.

"Fungua dirisha asubuhi, funga upepo ukianza. Kitu kingine usiguse. Hata ikilia. Ikilia, iache ilie."

"Nimelea watoto saba, Kimotho. Najua kitu kinacholia."

Kompyuta yake ina boksi la betri chini ya kabati. Stima ikienda, betri inaishika, inapiga kelele ya pii, pii, pii, na baada ya dakika chache kompyuta inajizima yenyewe kwa adabu, kama mtu anayefunga duka. Hayo nayajua sasa. Wakati huo nilijua moja tu, na kila mwanamke wa Isiolo analijua: stima ikienda, unakimbia unachomoa. Friji, televisheni, chaja, vyote. Kwa sababu stima ikirudi inarudi na hasira. Friji yangu ya kwanza ilikufa hivyo, ikatoa moshi na nyama ya Idd ikiwa ndani.

Siku ya pili mvua ilinyesha, stima ikaenda. Nikachomoa kwangu. Nikasikia kwa Kimotho pii, pii, pii. Nikafungua mlango, nikasimama. Niliambiwa niache. Lakini aliyeniambia alikuwa Karatina kwa baridi, na mimi ndiye nilikuwa hapo nikisikia kitu kinalia kama kinaungua, na mzee wangu yuko ndani. Nikapiga magoti nyuma ya kabati nikachomoa kila waya iliyokuwa huko. Zilikuwa tano. Kelele ikanyamaza. Stima iliporudi na kutulia, nikazirudisha, kila moja na tundu lake. Taa zikawaka, za kijani. Nikajipangusa magoti, nikaona nimeokoa kila kitu. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia akirudi.

Alirudi amekonda, na udongo wa kaburi bado kwa viatu. Akanishukuru kwa ufunguo, halafu akauliza, "Kuna kitu kiliguswa?"

Aliuliza akitazama chini, kwa ile sauti ya kuuliza mtoto. Maneno yangu yote ya kujisifu yakanipotea.

"Dirisha," nikasema. "Nigusie nini vyuma vyako?"

Hilo ndilo jambo. Ningeweza kuandika hii yote kwa mstari mmoja.

Jumapili ya kwanza, majina matano hayakulingana na karatasi. Vipindi vitano vya mzee vilikuwa vimegeuka kwa diski zote mbili. Alinionyesha kimoja. Picha ilikatika vipande vya mraba, mdomo wa Ibrae ukaenda upande na macho yake upande mwingine, sauti ikawa ya mtu aliyeingiza kichwa kwa ndoo. Nilimwambia azime.

"Diski zinapotea na kurudi," akasema. "Dakika hii ziko, dakika hii kompyuta haizioni. Nafikiri zinazeeka pamoja, kama mapacha. Nitazihamisha faili zote kwa diski mpya kabla hazijafa."

Akaanza kuhamisha, na kila alipohamisha hali ilikuwa mbaya zaidi. Mvua zilikuwa zinaendelea na stima ilikuwa inapepesa kama jicho lenye mchanga. Haikatiki kabisa, inapepesa tu. Kila ikipepesa katikati ya kazi, diski zinazimika, faili inabaki nusu huku na nusu kule, haisomeki tena. Yeye anaanza tena. Alhamisi nikienda namuuliza, ananijibu kwa namba. Thelathini na sita. Thelathini na moja. Ishirini na nne. Hakutaka hata kuketi. Alikuwa anasikiliza zile zilizobaki mwenyewe mchana kutwa, lugha asiyoijua, akifuata kwa masikio. "Hapa mzee anakohoa," ananiambia, "hapa anacheka, hapa anavuta pumzi. Bado iko sawa." Alikuwa anamjua Ibrae kwa kikohozi.

Mimi nilikaa na waya zangu tano moyoni. Nilijiambia hazihusiani. Nilizirudisha, taa zikawaka, mwezi umepita. Na kila wiki niliponyamaza, kusema kukawa kugumu zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kusema mambo mawili: kwamba niligusa, na kwamba nilikataa.

Mtaa ulianza maneno. Rahab alianza kwa mzaha, kwamba mama wa chuma amemkataa Kimotho. Halafu mzaha ukaisha. Watu wakasema ameharibu maneno ya mzee kwa uzee wake, wengine wakasema haikosi ameyauza kwa watu wa utafiti na sasa anaficha. Yakafika Marsabit, kwa mwanangu Huka, akapiga simu. Yeye huniita aayo, yaani mama.

"Aayo, huyo mtu atoke kwa ploti. Baba alimwamini."

"Ni mtu mzima, Huka."

"Mtu mzima anapoteza sauti ya mtu? Nikija Idd nisimkute."

Nilisema, "Nimesikia." Sikusema kingine. Simu ilikuwa mkononi na mdomo nilikuwa nao.

Siku tatu baadaye Kimotho alikuja mlangoni kwangu baada ya chai ya saa nne. Alisimama, hakuketi.

"Mama Huka, nimemkosea mzee. Zimebaki kumi na tisa."

Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua.

"Nimeamua nifute diski moja yote, nianze upya, nione kama itapona. Ikikataa, hata hizo kumi na tisa zinaweza kwenda. Lakini zikibaki hivi zitaenda tu, moja moja. Kwa hivyo nataka ruhusa yako kwanza. Na mwisho wa mwezi nitahama. Huka hana makosa, mimi pia ningekasirika."

Alikuwa anazungusha kofia mkononi kama kijana anayeomba kazi. Mtu aliyepanda minara.

"Nilichomoa," nikasema.

"Nini?"

"Waya. Ulipokuwa kwa mazishi. Ilikuwa inalia."

"Ulichomoa gani?"

"Zote. Halafu nikarudisha."

"Ukarudisha wapi?"

"Kwa matundu, Kimotho! Waya inarudishwa wapi, kwa sufuria?"

Hata hapo nilimfokea. Alinitazama kwa muda, bila hasira, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Kisha akageuka akaenda chumbani kwake, nikamfuata mpaka mlangoni. Alivuta kabati, akapiga magoti na viatu vyake, akawasha tochi ya simu. Nilisikia anapumua. Halafu akacheka, au alifanya sauti iliyo karibu na kucheka.

"Njoo uone," akasema.

Sikuingia, lakini niliinama nikaona. Boksi la diski nililichomeka kwa ekstensheni ya ukutani, laini moja na friji za ploti nzima, nje ya betri. Kwa hivyo kompyuta ilikuwa imeshikwa na betri, haijui kitu, na diski zilikuwa zinazimika kila stima ikipepesa. Na kwa tundu la betri, mahali pa diski, nilikuwa nimechomeka redio yake ya zamani isiyosema kitu tangu mwaka juzi.

"Betri imelinda redio iliyokufa," Kimotho akasema. Akakaa sakafuni, mgongo kwa kitanda. "Hizi diski haziumwi. Hazijaumwa hata siku moja. Ni mimi nilikuwa nazitibu mpaka zife."

"Ningesema siku ile uliyorudi?"

Nilitaka aseme haingesaidia. Ndicho nilichokuwa natafuta kwa kuuliza.

"Tungepoteza hizo tano," akasema. "Labda na hizo pia tungeokoa chache."

Alinijibu jinsi nilivyouliza, hakuongeza, hakupunguza. Tano zingepotea, na zilizopotea ni ishirini na mbili. Kumi na saba ni za mdomo wangu. Nimeziandika hapa kwa namba ili mtu asizidishe wala kunisaidia.

Alirudisha waya mahali pake. Halafu akapangusa mikono kwa suruali.

"Sasa zitakaa," akasema.

"Wapi?"

"Hapo hapo. Kwa betri."

"Zote kumi na tisa, kabati moja?"

"Na diski mbili."

"Kimotho, wewe una akili ya minara," nikamwambia, na nilihisi sauti yangu inarudi, hata kama sikustahili kuwa nayo. "Mwenye ng'ombe haweki zote boma moja. Wakija wezi, ukija ugonjwa, au likija jike kizee la kuchomoa waya, utabaki na kamba mkononi. Sisi tuna dabare. Unachukua ng'ombe wa maziwa unampelekea ndugu Merti, mwingine unampeleka Kinna. Yeye anakunywa maziwa, ng'ombe ni wako. Na kila mwaka unakwenda kumtazama kama bado ni yeye."

Alifikiri. "Na maziwa ni nini hapa?"

"Kusikiliza, mjinga wewe."

Safari hii alicheka kweli.

Tulifanya hivyo. Alinakili vile kumi na tisa kwa diski ndogo tatu, na kila moja akaitolea karatasi yake ya majina. Moja ilikwenda Rapsu kwa Zeinab, binti wa dada yangu, analima vitunguu huko na ana sola. Ya pili alisema iende Thika kwa Kate.

"Kate hajui Kiborana," nikasema.

"Mimi pia sijui, na nimekaa nayo."

Ya tatu ilikuwa ya Batula, dada mdogo wa Ibrae, kule Merti.

Kabla ya safari nilimpigia Huka. Nilimwambia nikiwa nimesimama. 

"Aayo, uliniacha nimtukane mtu."

"Nilikuacha."

"Kwa nini?"

"Nimezoea kuwa upande wa haki," nikasema. "Sikujua kukaa upande ule mwingine."

Akasema atapiga baadaye. Hajapiga bado, na Idd imekaribia. Kwa Rahab nilikwenda asubuhi duka likiwa limejaa, nikaagiza sukari, na nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wenye miraa nje kwamba aliyeharibu vipindi vya Ibrae ni mke wake. Rahab akaacha kupima. Lakini bado wako wanaosema ni Kimotho, kwa sababu habari ya kwanza ndio watu huibeba. Ndio maana naandika.

Merti tulikwenda kwa pikapu ya mizigo, mimi mbele, Kimotho nyuma juu ya magunia ya unga, diski imefungwa ndani ya soksi ya wanawake, ile ile ya vumbi, na soksi ndani ya kifua cha shati lake. Tulifika viuno vimekufa. Batula alitupokea kwa salamu ndefu, akatupa maji ya kunawa, akamtazama Kimotho viatu.

"Huyu ndiye?" akaniuliza kwa Kiborana.

"Ndiye."

"Mbona amevaa kama anakwenda mahakamani?"

Kimotho alichomeka diski kwa televisheni ya Batula, akamwonyesha mahali pa kubonyeza. Akamwomba asiiweke juani, na mwaka ukiisha atakuja mwenyewe kuilinganisha na karatasi. Ibrae akatokea kwa kiti chake chenye matakia. Batula alifunika mdomo kwa mtandio. Alitazama kipindi chote mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu ambacho nilijua atauliza, njia nzima nilikuwa nakijua.

"Niwekee kile cha kisima cha baba."

Kile kilikuwa kipindi cha kumi na mbili. Ibrae alisimulia humo jinsi baba yao, mwaka ule wa ukame, alivyowaachia wageni zamu yake ya maji kisimani, na jinsi jambo hilo lilivyozifanya koo mbili kuwa ndugu mpaka leo.

"Hakipo," nikamwambia. "Kimepotea. Ni mimi nilikipoteza." Nikamweleza yote, waya na mdomo.

Batula hakunigombeza. Alikunja mtandio wake mara mbili, akauweka magotini. "Si neno," akasema. "Nakikumbuka." Akaanza kukisimulia mwenyewe, kwa sauti inayofanana na ya kaka yake, akipunga mkono vile vile. Alisema baba alitoa zamu siku saba. Alisema wageni walitoka upande wa Oldonyiro, na aliyekwenda kuwaita waje na mifugo yao alikuwa mama.

Kimotho aliinama kwangu. "Anasema nini?"

"Anasimulia kipindi kilichopotea."

"Ndivyo mzee alivyosema?"

Nilifungua mdomo nimwambie si hivyo. Kwangu mimi ilikuwa siku tisa, na aliyekwenda kuwaita ni baba mwenyewe, na Oldonyiro sikumbuki ikitajwa. Nimekisikiliza kipindi hicho mara ngapi, Alhamisi ngapi, kwa stuli ya Kimotho. Nilijitafuta kichwani sauti ya Ibrae ikisema tisa. Nikaisikia ikisema tisa. Nikaisikia pia ikisema saba.

"Mama Huka?"

"Sijui, Kimotho," nikasema.

Batula aliendelea kusimulia, na mimi nikaendelea kumsikiliza.